Karaba hakuwala wanaume: kuitazama tena Kirikou nikiwa mkunga

Filamu ya Kirikou et la Sorcière inaanza na mama mjamzito ameketi peke yake ndani ya kibanda. Sauti inatoka tumboni: mama, nizae. Mama hashtuki. Anajibu kwamba mtoto anayesema angali tumboni basi ajizae mwenyewe. Mtoto anatoka, anakata kitovu chake, anajitaja jina, anaambiwa ajiogeshe na asichezee maji kwa sababu kijiji hakina maji. Kabla hajakauka mwili ameshauliza baba yake yuko wapi.

Mimi ni mkunga. Kwa miaka yote niliyofanya kazi hii, mama yule ndiye amenikaa kichwani kuliko mtoto. Hana mtu wa kumshika mkono, hana shangazi, hana mwenzake wa kumchemshia maji. Anazaa kwa utulivu wa mtu ambaye ameshazoea kutosaidiwa. Nilipoitazama filamu hii utotoni nilimcheka mtoto anayejizaa. Juzi nimeitazama tena hapa Kigoma, usiku nilipokuwa sina zamu, na dakika ile ya kwanza tu nilisimamisha picha nikamwangalia mama.

Kwa wasioijua, ni katuni ya Mfaransa Michel Ocelot, iliyotoka Ufaransa Desemba 1998. Ocelot alikulia Conakry, Guinea, na hadithi aliianzisha kutoka ngano moja ya Afrika Magharibi, kisha akaendelea nayo kwa njia yake. Sauti zilirekodiwa Dakar na waigizaji wa Senegal, muziki ni wa Youssou N'Dour, na sehemu kubwa ya michoro ilichorwa Latvia na Hungaria kwa sababu fedha zilitafutwa nchi hii na ile. Mwaka 1999 ilipata tuzo kubwa ya tamasha la katuni la Annecy. Sisi watoto wa Buyenzi hatukujua lolote kati ya hayo. Tulijua tu kwamba baba mdogo amekuja na kanda kutoka Ubelgiji na kwamba ndani yake kuna watu weusi.

Buyenzi ni mtaa wa Waswahili wa Bujumbura: misikiti, mafundi magari kila kona, harufu ya oili na maandazi kwa pamoja. Miaka ile kulikuwa na vita, na usiku kulikuwa na amri ya kutotoka nje. Kwa hiyo jioni watoto wote wa ua mmoja walikusanywa ndani mapema, na kama umeme upo, deki iliwashwa. Binamu yangu mkubwa, aliyekuwa sekondari, alikaa mbele kabisa akitutafsiria Kifaransa kwa sauti, na mara nyingine akiongeza maneno yake. Ila hata sisi tuliojua Kifaransa cha kuhesabia tu tulisikia kitu: waliozungumza mle ndani walizungumza kama walimu wetu, siyo kama redio ya Paris. Ocelot alilitaka hilo, ndiyo maana alikwenda Dakar. Kwangu lilitosha kunifanya niamini kwamba kijiji kile kipo mahali fulani, na kwamba ukipanda basi siku moja utafika.

Bibi yetu, mama yake mama, hakufurahi. Wanawake wa kijiji cha Kirikou wako kifua wazi na watoto wako uchi, na Bibi alikuwa mtu wa swala tano. Alivuta mtandio, akaagiza izimwe. Mama akamwambia, "Mama, hao ni watu wa zamani, hata bibi yako alivaa hivyo." Bibi akanyamaza. Hakuondoka. Yeye mwenyewe alikuwa amezalisha wanawake wengi wa mtaa ule kabla ya hospitali kuwa jambo la kawaida, na mtoto alipokata kitovu chake akasema, "Huyo angenipumzisha." Tangu siku hiyo kanda ikaruhusiwa.

Baadaye sana nilisoma kwamba wasambazaji wa nje ya Ufaransa walimtaka Ocelot awavishe wale wanawake sidiria, akakataa, na filamu ikachelewa kufika nchi kadhaa kwa sababu hiyo. Nampa heshima. Katika kijiji kile hakuna anayekodolea mtu macho. Mwili ni mwili: unabeba maji, unanyonyesha, unachimba. Mtu anayefanya kazi kama yangu hupumzika kuona miili imechorwa bila aibu na bila tamaa.

Sasa nifike kwenye lile nililotaka kusema. Kijiji cha Kirikou hakina wanaume. Kuna mzee mmoja asiyeishiwa maneno na kuna mjomba mmoja kijana, basi. Kirikou anauliza baba yuko wapi, anaambiwa alikwenda kupigana na Karaba mchawi, Karaba akamla. Wajomba je? Walikwenda kupigana na Karaba, akawala. Yule mjomba wa mwisho naye yuko njiani, kwenye njia yenye miti ya maua mekundu, anakwenda kupigana. Mtoto aliyezaliwa dakika chache zilizopita anamkimbilia mjomba wake kabla hajaliwa.

Utotoni sikuona ajabu yoyote katika kijiji kisicho na wanaume, kwa kuwa ua wetu ulikuwa hivyohivyo. Baba wa jirani wa kulia hakuwepo. Wa kushoto hakuwepo. Kuna waliokuwa Uvira, kuna waliokuwa kambini Tanzania, kuna ambao mama zetu wakiulizwa waliinama wakaendelea kuchambua ndagala. Mtoto hujifunza haraka swali lipi haliulizwi mara ya pili. Nadhani ndiyo sababu Kirikou alitushika roho namna ile. Alikuwa mtoto anayeuliza mara ya pili, na ya tatu, na mama yake anamjibu kila mara bila kumfokea.

Hebu mtazame huyo mama. Hamzuii mwanawe kwenda kwa Karaba. Hamdanganyi. Asichokijua anasema hakijui, na anamwelekeza kwa anayekijua: babu yake Kirikou, mzee mwenye hekima anayeishi ndani ya mlima uliokatazwa, ng'ambo ya nyumba ya mchawi. Wakati wanawake wengine wanamwambia mtoto atoke hapo, ni mdogo mno, yeye anamsikiliza kana kwamba anazungumza na mtu mzima mwenzake. Ningependa kila mama ninayemkabidhi mtoto wodini amwone huyu.

Na Karaba? Karaba tulimwogopa. Kilichotutisha zaidi kilikuwa kile kinyago chake kinachokaa juu ya paa, kikizungusha kichwa na kumwambia kila anachokiona. Vinyago vyake vya mbao vinatembea bila kupinda magoti, vinapekua nyumba za wanawake kutafuta dhahabu, na nyumba ya aliyeficha inachomwa moto. Mtoto wa Bujumbura wa miaka ile hakuhitaji kufafanuliwa maana ya watu wanaoingia nyumbani kupekua. Mdogo wangu alikuwa akiviona vile vinyago anaingia chini ya meza.

Ukubwani hofu hiyo haikunirudia. Nilichoona safari hii ni jinsi Karaba anavyokaa. Haegemei. Katika filamu nzima haegemei kitu chochote. Anasimama wima, anageuka na mwili mzima, hampi mtu mgongo. Mchoraji ameuweka ukweli wote wa hadithi mbele ya macho yetu tangu mwanzo, katika mgongo wa mwanamke, na sisi tunashughulika kutazama vinyago.

Ukweli wenyewe unasemwa na babu ndani ya mlima, amekaa kwenye kiti chake katikati ya kichuguu kikubwa. Kirikou amefika huko kwa kuchimba chini ya ardhi, amepambana na kicheche, amewasaidia kindi, amejivika manyoya afanane na hudihudi, amempanda ngiri. Anauliza swali lake: kwa nini Karaba ni mbaya? Babu anajibu kwamba Karaba anateseka. Wanaume walimshika, wengine wakamchomeka mwiba wenye sumu kwenye uti wa mgongo. Mwiba huo unamuuma usiku na mchana, na mwiba huohuo ndio unaompa nguvu za uchawi. Basi kwa nini asiutoe? Kwanza hawezi kuufikia mwenyewe, upo mgongoni. Pili, akitolewa atapoteza nguvu. Tatu, kuutoa kutauma sawa na ulivyouma wakati wa kuingizwa, na hataki kuyapata tena maumivu yale.

Hapo nilisimamisha picha nikatoka nje kupigwa upepo.

Wakunga wataelewa. Wapo wanawake ambao ukiwagusa goti tu, kabla ya kipimo chochote, wanaruka. Wanakaza mapaja, wanakupiga teke, wanatukana. Katika kadi yao hakuna kilichoandikwa. Manesi hupeana taarifa wakati wa kubadilishana zamu: yule wa kitanda cha dirishani ni mkorofi. Mkunga mmoja mzee, aliyenifundisha kazi, alikuwa akisikia neno hilo anavuta kigoda, anakaa chini kuliko kitanda ili macho yake yawe chini ya macho ya mama, na anaanza kuomba ruhusa ya kila kitu: naweka mkono hapa, naomba? Sasa hapa, naomba? Kazi iliyohitaji dakika moja ilimchukua nusu saa na hakuona taabu. Hakuwauliza ni nani alifanya nini. Alijua tu kwamba mwili unaokataa kuguswa una sababu, na kwamba mkono wa msaada unauma mahali palepale ulipouma mkono wa kwanza.

Watu wengi wanaona mwiba ule kama ubakaji, na mimi ni mmoja wao. Wanaume wengi, mwanamke mmoja aliyeshikwa, kitu kilichoingizwa kwa nguvu, na kijiji kisicholizungumzia. Filamu ya watoto imelisema jambo hili bila kumjeruhi mtoto yeyote anayelitazama. Binti yangu amesikia habari za mwiba, akaelewa mwiba. Atakapokua ataelewa zaidi, kama ilivyonipata mimi. Sijui katuni nyingine iliyolibeba jambo zito hivi kwa mikono miangalifu hivi.

Na babu anaongeza mengine. Karaba hakuwala wanaume. Amewageuza vinyago, ndio haohao wanaotembea bila kupinda magoti. Wala hakukausha chemchemi: Kirikou alishajionea mwenyewe, alipoingia kwenye mwamba na kukuta mnyama aliyekuwa akiyanywa maji yote, akamtoboa kwa chuma cha moto, maji yakarudi, na yeye nusura afe. Karaba aliwaacha tu waamini kwamba ni yeye. Kwa nini asiwaache? Sifa ya uchawi ilikuwa ukuta wake.

Nakaa Tanzania sasa, na siwezi kulitazama hilo nikalichukulia kama ngano. Upande wa Usukumani, kwa miaka mingi, wanawake wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi, na dalili iliyotajwa ni macho mekundu. Macho yao ni mekundu kwa moshi. Wamepika kwa kuni na kwa kinyesi cha ng'ombe ndani ya jiko lisilo na dirisha maisha yao yote, wakilisha watu walewale. Mvua ikikawia, mtoto akifa kwa malaria, ng'ombe akianguka, jibu lipo tayari na lina nyumba yake pembezoni mwa kijiji. Kirikou alikwenda kuangalia ndani ya mwamba. Wengine wote waliishia kunung'unika mbele ya chemchemi kavu.

Filamu haimsafishi Karaba, na naipenda kwa hilo pia. Alichoma nyumba. Alichukua dhahabu za wanawake, si za wanaume waliomtenda. Alijaribu kuwateka watoto kwa mtumbwi na kuwanasa kwenye mti. Mtu aliyeumizwa anaweza kuumiza wasiohusika kabisa, tena kwa miaka. Kirikou analijua hilo, ndiye aliyewaokoa watoto mara zote mbili, na bado anakwenda kuutoa mwiba. Anautoa kwa meno, kwa kuwa umezama mno vidole haviwezi kuushika. Lile yowe la Karaba linasikika nchi nzima. Kisha ardhi ya kijivu iliyozunguka nyumba yake inaota maua.

Kuna kipande kingine cha mle mlimani ambacho sikukikumbuka kabisa, na nashangaa nilikisahau vipi. Akishajibiwa maswali yake, Kirikou anamwomba babu hirizi. Babu anamkatalia, anamwambia kutokuwa na hirizi ndiyo nguvu yake. Sisi tuliokua tumefungwa hirizi mkononi na shingoni tulipaswa kushtuka, lakini binamu mtafsiri nadhani alipapita haraka. Kirikou hajibishani. Anasema tu kwamba wakati mwingine anachoka kupigana peke yake, na kwamba anaogopa. Anaomba akae mapajani. Babu anampakata. Wanakaa hivyo, kimya, shujaa wa kijiji na babu yake, kabla ya kurudi kwenye kazi. Ametumwa na nani mtoto huyu? Hakuna aliyemtuma. Kwa hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza kama amechoka.

Nimesema mengi kuhusu maumivu, nisisahau uzuri. Majani ya msitu yamechorwa moja moja, makubwa, yamepangika kama kwenye picha za Henri Rousseau, ambaye Ocelot amekiri kumfuata. Ardhi ya kijijini ina rangi ya dhahabu na udongo mwekundu. Muziki umepigwa kwa ala za jadi, na ule wimbo ambao watoto wanamwimbia Kirikou baada ya kuokolewa tuliuimba uani mpaka mama zetu wakaomba tuuache. Bado naujua wote.

Na bado kuna undugu ambao sikuutegemea. Wanyanga wa mashariki mwa Kongo, si mbali na ziwa letu, wana utendi wa Mwindo, mtoto aliyeamua mwenyewe jinsi ya kutoka mwilini mwa mama yake, akazaliwa anatembea na kusema, kisha akasafiri hadi chini ya ardhi kumtafuta baba yake. Jirani yetu mmoja wa Buyenzi, mama wa Kikongo, alikuwa akitusimulia vipande vya habari kama hizo tukimenya mihogo. Huenda ndiyo sababu Bibi alitulia. Mtoto anayejizaa hakuwa mgeni mtaani kwetu hata kabla kanda haijafika.

Tunabishana na dada yangu kuhusu mwisho. Baada ya mwiba kutoka, Kirikou anamwomba Karaba amuoe. Karaba anakataa, hataki kuwa mtumishi wa mwanamume yeyote, na tena huyu ni mtoto. Kirikou anaomba basi busu, na kwa busu hilo anakuwa kijana mrefu. Wanarudi kijijini, watu hawamtambui, wanataka kulipiza kisasi kwa Karaba, mpaka ngoma zinasikika na wanaume wote waliodhaniwa wameliwa wanaingia wakiwa hai. Dada yangu, ambaye yuko Ubelgiji na tunatumiana sauti usiku, anasema ngano lazima imkuze shujaa wake na mimi naitazama kwa macho ya kliniki. Mimi nasema hapana. Karaba alistahili kupona bila kupewa mume papo hapo. Angekaa kwanza ajue mgongo usiouma ukoje, aegemee ukuta, alale chali. Na Kirikou alistahili utoto, hata wa mwaka mmoja, abebwe mgongoni kama wenzake.

Tunakubaliana jambo moja tu. Anaporudi akiwa mtu mzima, na kijiji kizima kinamkana, mama yake anamtambua. Mtoto aliyejizaa, akajiogesha, ambaye hakupata hata siku ya kunyonya kwa utulivu mbele yetu, mama anamtazama usoni na kusema ni yeye. Hilo wala halinishangazi, nimeona mara nyingi mama akimtambua mwanawe kwa kilio kati ya watoto wa wodi nzima.

Binti yangu hakujali busu wala mwiba. Alitaka tu turudie sehemu ya kindi chini ya ardhi, tukairudia mpaka usingizi ukamchukua. Asubuhi kaomba nyingine. Ocelot alizitengeneza mbili zaidi, 2005 na 2012, na visa vyake vinarudi nyuma, vinaingia katikati ya hadithi hii ya kwanza. Nitamwekea ile ya 2005, ila nitamwambia mapema kwamba humo Karaba bado ana mwiba.